Callebaut 811 kwa chokoleti za nyumbani kwenye joto la Dar: uzoefu wangu

Watu wengi wananiuliza kama kuna haja ya kununua chokoleti ya gharama wakati kompaundi (ile ya bei nafuu isiyo na siagi ya kakao) imejaa kila duka la vifaa vya keki Kariakoo. Mi natumia zote mbili, kwahiyo nitasema ukweli ninavyouona, ila leo nazungumzia zaidi Callebaut 811, chokoleti ya Kibelgiji ya dark (nyeusi, isiyo na maziwa), ule mfuko wa kilo 2.5 wenye vidonge vidonge.

Kwanza inavyokuja. Vidonge vidogo bapa, unapima unachotaka huhitaji kupasua pasua na kisu kama zile za slabu, na ukifungua tu mfuko harufu inakupiga. Nyuma imeandikwa vitu vichache sana: kakao, sukari, siagi ya kakao, lesithini ya soya na vanila ya asili, basi. Kakao ni asilimia 54.5, sio ile dark ya kukunja uso, wanangu wanakula na wao wamezoea chokoleti za maziwa za dukani. Halafu kuna alama za matone kwenye mfuko, watu wengi wanaziona kama mapambo tu, yale matone yanakwambia chokoleti ikiyeyuka itakuwa nyepesi kiasi gani. Hii ina matone 3, yaani ya kati, inafaa kumimina kwenye mold (kalibu za kuipa umbo) na pia kuchovya.

Sasa kompaundi. Sio sumu na sio ushamba, ni kitu tofauti tu. Siagi ya kakao imetolewa ikawekwa mafuta mengine, mara nyingi ya kokwa la mchikichi, ndio maana bei iko chini na ndio maana haihitaji makeke, unayeyusha unamimina inaganda inang'aa. Kinachoniudhi ni wauzaji. Kuna duka moja nimeuziwa vipande kwenye mfuko mweupe usio na lebo, nikaambiwa dada hii ni chokoleti halisi ya Ubelgiji, bei nayo ya Ubelgiji, nimefika nyumbani nimeweka ulimini ile kitu inateleza kama mshumaa, haiyeyuki ikaisha, inabaki imepaka juu ya kinywa. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, kwahiyo ya ukweli ikifika mdomoni inapotea yenyewe bila kutafuna. Hicho ndio kipimo changu siku hizi, na kama mfuko hauna lebo sinunui hata kama ni wa shoga yangu.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe maana hapa ndio wengi wanaitupia lawama 811 bure. Hii lazima uitempe, yaani uiyeyushe na kuipoza kwa vipimo vya joto ili igande vizuri. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na ni moja tu kati ya hayo linalokupa ule mng'ao na ile sauti ya "tak!" ukivunja. Ukiyeyusha tu ukaimimina kwenye mold inaganda kizembe, laini, ina michirizi ya kijivu, inakataa kutoka kwenye mold, halafu mtu anasema amepigwa bidhaa feki.

Mi nafanya hivi, natenga kama robo ya vidonge pembeni, vilivyobaki naweka kwenye bakuli la stenlesi juu ya sufuria yenye maji ya moto kidogo, bakuli lisiguse maji, moto nazima kabisa mvuke unatosha, nakoroga taratibu mpaka thamometa ya kuchomeka isome 45. Natoa bakuli, nafuta chini na taulo kavu (hapa usifanye mzaha, tone moja la maji likiingia sukari inalinyonya na chokoleti yote inashikana inakuwa kama udongo wa mfinyanzi), halafu naingiza ile robo niliyotenga na kukoroga, kukoroga, kukoroga mpaka ishuke 32 na vidonge vyote viwe vimeisha. Vile vidonge vibichi vinakuja na umbo zuri la kuganda, vinawafundisha wenzao. Kabla ya kumimina nachovya ncha ya kisu naiacha mezani dakika tano, ikikauka inang'aa naendelea, ikibaki mbichi au ikawa na mabaka nakoroga tena kidogo.

Tatizo ni Dar. Februari saa nane mchana joto la sebuleni kwangu linacheza 31, 32, yaani ndio lile lile la kufanyia kazi chokoleti, sasa itapoa kwenda wapi? Utakoroga mpaka mkono uume. Ukweli ni kwamba bila chumba chenye AC miezi ya Disemba mpaka Machi hii bidhaa itakutesa, mi nafunga mlango naweka AC kwenye 20, na umeme wa Luku unauona unavyokimbia. Juni mpaka Agosti nafanya alfajiri madirisha wazi bila AC na inakubali vizuri kabisa. Kama huna AC na una oda ya Valentine, ndugu yangu, chukua kompaundi nzuri yenye lebo, mwambie mteja ni kompaundi, lala usingizi. Na tafadhali msichanganye hizo mbili ili kuongeza wingi, nawaona wengi wanashauriana, mafuta ya mchikichi na siagi ya kakao hayaelewani, unapata kitu kilaini ambacho baada ya siku chache kinapauka.

Mold nazo zinachangia. Zile za silikoni za rangi rangi ni rahisi kutoa lakini mng'ao wake wa kawaida, za plastiki ngumu ya polikaboneti ndio zinatoa chokoleti kama kioo, uzifute na pamba kavu kabla ya kumimina. Ikitempwa sawa chokoleti inasinyaa kidogo ikiganda, unageuza mold unagonga mezani mara moja zinadondoka zote, na ukiangalia kwa chini ya plastiki kabla ya kugeuza unaona kabisa zile zilizoachia, zinaonekana zina hewa nyuma, ambazo bado zinaonekana nyeusi zimeng'ang'ania.

Kilichonifanya niipende 811 ni vitu vya kuchovya. Tende nzuri, unatoa kokwa, unaingiza korosho iliyokaangwa, unachovya nusu tu ili tende ionekane, unanyunyizia chumvi ya mawe kiduchu. Tende ni tamu sana na hii chokoleti haina sukari ya kupitiliza, zinabalansi. Ramadhani hizi ndio zinatoka kuliko kitu chochote ninachotengeneza. Kashata za nazi nazo, kata vipande vidogo uhakikishe zimepoa na kukauka kabisa, zikiwa na unyevu chokoleti itateleza. Ganashi (chokoleti na krimu) ya trafo, zile truffle za viduara laini, pia inakubali: chokoleti sehemu mbili kwa krimu sehemu moja, krimu ichemke kidogo tu umwagie juu, uache dakika mbili ndio ukoroge kuanzia katikati. Kwa kupaka juu ya keki ya kawaida siipotezei, hapo kompaundi inatosha, nani ataijua chini ya maua ya krimu.

Kuhifadhi sasa. Friji natumia dakika 10 mpaka 15 za kugandisha mold tu, sio kulaza. Ukilaza chokoleti wazi kwenye friji halafu ukaitoa kwenye unyevu wa huku kwetu inatoka jasho, jasho linayeyusha sukari ya juu, likikauka linaacha ukungu mweupe wa mchanga mchanga. Haina madhara kula ila mteja atakurudishia na picha. Ikibidi friji weka kwenye kontena lisilopitisha hewa, na ukitoa usifungue mpaka kontena lenyewe lipate joto la nje. Oda za bodaboda natuma asubuhi au baada ya magharibi, boksi dogo lenye foam ndani na barafu ya pakiti iliyofungwa kwenye kitambaa, Mbezi mpaka Posta inafika salama kama hakuna foleni ya kijinga.

Bei inauma, siwafichi. 2024 kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno ya Ghana na Ivory Coast kuharibika, na dukani huku tuliisikia sote. Nikipiga hesabu na umeme wa AC, kipande cha 811 kinanigharimu karibu mara mbili ya cha kompaundi, kwahiyo nauza kwa boksi za zawadi tu na sio moja moja za watoto wa shule. Nyota naipa nne. Ile moja nimeinyima kwa sababu mfuko niliopata haukuwa na zipu ya kufungia, kitu cha bei hii unabana na kibanio cha nguo, jamani.

Swali kwa wenyeji wa Kyela. Nililetewa mbegu za kakao za huko zilizovundikwa na kukaushwa vizuri, nikakaanga kwenye oveni, nikamenya, vile vipande nikanyunyizia juu ya 811 kabla haijaganda na ladha yake ina uchachu mtamu kama wa zabibu kavu, wateja wakaulizia. Shida ni kusaga, blenda yangu inaishia kwenye uji wa chenga chenga, unausikia kabisa kwenye ulimi. Kama kuna mtu huko anasaga mpaka ikawa laini kabisa na anauza kwa kilo, aniandikie hapo chini na bei ya mpaka Dar.