Kiti ya kuinua gari, springi na spesa za bodi: uzoefu wangu na usukani mzito

Kiti hii, yaani seti ya vipuri vya kuinua gari, ina springi za kuinua milimita 50, spesa za bodi (vipande vinavyokaa kati ya bodi na chesesi) za milimita 50 na shokomzoba ya usukani. Imefungwa kwenye gari la porini lenye ekseli nzima mbele (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili), na upana wa tairi ukapanda kutoka milimita 265 hadi 285. Springi ni nzuri sana, hazigongi wala hazilali upande. Usukani ndio uliogeuka mzito, na jibu la muuzaji ni kwamba tairi pana ndivyo zilivyo. Sikubaliani naye, na mtu yeyote mwenye jeki anaweza kuhakikisha mwenyewe.

Kabla ya kushika spana, washa injini gari likiwa limesimama, kisha zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Usiung'ang'anize mwishoni zaidi ya sekunde chache, pampu ya usukani inachemka. Sikiliza uzito unavyokuja. Tairi pana au upepo mdogo huleta uzito ulio sawa njia nzima. Mkanda wa pampu uliolegea hulia na kukupa mikato ya ghafla. Oili ya usukani yenye povu maana yake hewa imeingia. Usukani unaokwama katikati tu, penginepo mwepesi, ni boksi ya usukani (gia inayogeuza magurudumu) iliyokazwa mno ile skrubu yake ya juu. Hapa kwetu ulikuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi: mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Hiyo ni krosi, yaani kiungo kinachopinda cha shafti ya usukani, inayofanya kazi kwenye pembe kali, au iliyokauka grisi.

Sababu yake iko wazi ukiinama chini ya boneti. Boksi ya usukani imefungwa kwenye chesesi, lakini kolamu, yaani nguzo inayobeba usukani, iko kwenye bodi. Springi huinua vyote viwili pamoja, kwa hiyo hazigusi shafti hata kidogo. Spesa huinua bodi peke yake, na shafti inavutwa huku krosi ikipinda zaidi. Kuwalaumu springi ni kuwaonea.

Ili kuthibitisha, inua ekseli ya mbele, weka stendi imara pande zote mbili, zima injini. Usukani ukibaki na zile zamu za uzito, tairi zimeshatoka kwenye lawama. Kisha chomoa draglinki, ile fimbo inayopeleka mwendo wa boksi kwenye magurudumu, kwenye mkono wa boksi. Zungusha usukani peke yake, halafu sukuma magurudumu kwa mikono. Kama zamu zimebaki kwenye usukani, ugonjwa uko juu, kuanzia boksi hadi kolamu. Kama gurudumu ndilo gumu, angalia beringi za kingpini (egemeo ambalo gurudumu hugeukia), huenda zimekauka au zimekazwa kupita kiasi. Shokomzoba ya usukani nayo ifungue upande mmoja uisukume na kuivuta: iwe na ukinzani ulio sawa kote. Ya gesi hujisukuma yenyewe kutoka, na inaweza kuvutia gari upande mmoja.

Tiba ni kipande cha kurefushia shafti, ambacho kiti haikuja nacho. Hilo ndilo kosa lake kubwa. Kulegeza bolti na kuivuta shafti hadi meno machache tu yabaki yameshikana ni hatari. Ikichomoka, huna usukani kabisa. Weka alama ya rangi kwenye shafti na boksi kabla ya kufungua, nyoosha magurudumu, na ufunge usukani usizunguke, la sivyo waya wa eabegi ndani ya kolamu utakatika. Wakati wa kufunga, bolti lazima ipite kwenye mfereji wake ulio kwenye shafti. Paka krosi grisi, kisha zungusha tena: zamu ziishe.

Jambo la pili ni kasta, yaani mlalo wa kingpini kuelekea nyuma ukitazama gari kwa ubavu. Springi zikipanda, kasta hushuka, na gari huyumba barabarani na kuacha kurudisha usukani lenyewe baada ya kona. Watu huita hilo uzito, lakini ni kitu kingine, na dawa yake ni bushi za kurekebisha kasta kwenye mikono ya ekseli. Usizidishe, maana kasta nyingi ndiyo inayouongezea usukani uzito wa kweli. Pima alaimenti baada ya kuzifunga.

Nyota 3 kati ya 5. Springi peke yake ningezipa 5. Ukinunua kiti yenye spesa, ulizia kipande cha shafti kabla hujalipa, na kama hakimo, chukua springi na uache spesa.