Msumari wa SIGN kwa muundi uliovunjika: tathmini

Msumari wa SIGN huingizwa ndani ya mfupa wa muundi uliovunjika na kushikiliwa kwa skrubu. Sifa yake kubwa ni moja: skrubu hizo zinafungwa bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Kwa hospitali nyingi za mikoani, hilo ndilo linaloamua kila kitu. SIGN, shirika la Richland, Marekani, lililoanzishwa 1999, hutoa misumari hii kama msaada. Daktari hutuma picha na taarifa za mgonjwa, kisha hujaziwa akiba.

Msumari ni chuma kigumu kisicho na uwazi ndani. Unaingizwa kupitia mkato chini ya goti, baada ya kupanua uwazi wa mfupa kwa rima za mkono (vifaa vya kupekecha vinavyozungushwa kwa mkono) hadi milimita 1 au 2 zaidi ya unene wa msumari. Usipunguze upana huu: msumari ukilazimishwa, mfupa hupasuka.

Udhaifu uko kwenye mkono elekezi, yaani fremu ya nje inayoielekeza keekee kwenye matundu ya skrubu. Uunganishe na msumari mezani kabla ya kuingiza, uhakikishe matundu yanalingana, ukaze boliti. Ikilegea kidogo tu, keekee hukosa tundu la chini na skrubu hupita kando ya msumari. Kifaa cha kutafutia tundu kikinasa ndani ya tundu na kuuchezesha msumari, umelipata tundu.

Kwa mivunjiko ya katikati ya muundi, tunaupa alama 9 kati ya 10. Karibu na kifundo cha mguu, 6: kipande cha chini huwa kifupi, hupinda kirahisi. Kwenye kidonda wazi, hakuna msumari unaofidia usafishaji uliochelewa.