Mtumbwi wa Ziwa Duluti, nendeni kabisa

Aisee Jumamosi nimeenda Duluti pale Tengeru, Arusha, na wadogo zangu wawili tukachukua mtumbwi na mwongozaji, nilijua tunaenda kupiga picha tu kumbe ni darasa zima. Yule kaka akatoa kisahani cha rangi nyeupe na nyeusi kimefungwa kamba, akakishusha majini taratibu akamwambia mdogo wangu "niambie kikipotea", kilipopotea wakahesabu mafundo ya kamba pamoja. Ndo wanavyopima maji yalivyo angavu, kinaitwa kisahani cha Secchi, kipo tangu 1865. Akatuelezea mbolea ya mashambani ikisombwa na mvua hadi ziwani mwani unaota balaa, ukioza unamaliza oksijeni samaki wanakufa, na Duluti ni kreta, yaani ziwa kwenye shimo la volkano, sio mto, uchafu ukiingia ndo umeingia.

Mdiria tumemuona, na kenge amejianika kwenye gogo.

Kilichoniuma ni chupa za plastiki kwenye matete. Halafu jaketi moja la kuokolea kifungo kimekufa, dogo tukamfunga na kamba, hilo warekebishe haraka jamani, kina pale sio mchezo. Nendeni asubuhi saa moja, maji yanakuwa yametulia kabisa.