Uzoefu wangu na Daredevil: ngumi bila mikato

Wadau, nimemaliza sizoni zote tatu za Daredevil, ile tamthilia ya supahiro ya Netflix, 2015 mpaka 2018, na naongea kama mtu anayekula kwa kuediti video. Nipo Mwanza, Mabatini, nafanya harusi na kwaya, kwa hiyo nikiangalia kitu jicho linakimbilia mikato, yaani pale shoti moja inapoishia na nyingine kuanza, kabla ya stori.

Kilichonishika ni yale mapigano ya kwenye korido, epsodi ya 2 ya sizoni ya kwanza. Daredevil mwenyewe anaenda kumtoa mtoto aliyetekwa na Warusi, kamera inabaki koridoni inasogea taratibu tu, wakiingia chumbani haiwafuati, unasikia vishindo halafu ghafla maikrowevu inaruka mlangoni inampata mtu. Huoni mkato. Na kwa sababu huoni mkato unaona kile ambacho masupahiro wengi wanafichiwa, yaani uchovu. Anaegemea ukuta, anahema, ngumi zinapungua nguvu, na waliolala chini wanaamka tena wanamfuata. Ukikatakata hapo kila shoti inaanza na mtu kama katoka kupumzika.

Ngumi ya kuigiza haigusi, inapita pembeni ya uso, kamera inakaa upande ambao lile pengo halionekani, sauti inawekwa baadaye. Edita mwenye engo mbili anakata palepale ngumi inapofika, anarudia fremu mbili tatu za ule mwendo kwenye engo ya pili, unahisi kishindo. Sasa koridoni hana pa kukatia, mzigo wote unahamia kwa wapiganaji na mpiga kamera! Milango imesaidia sana, Charlie Cox, anayeigiza Daredevil, anaingia chumbani, anayetoka ni Chris Brewster, stanti wake, yaani anayempigania kwenye shoti ngumu, na uso umefunikwa hujui kitu.

Iron Fist, tamthilia nyingine ya supahiro ya Netflix, sizoni ya kwanza, 2017, ni kinyume kabisa. Finn Jones, staa wake, mwenyewe alisema kuna mapigano alikuwa anafundishwa kama dakika 15 kabla ya kushuti, sasa hapo edita utamlaumu bure, hana shoti ndefu ya kutumia, anakupa mgongo, mkono, sura, mgongo, mwisho unajua nani kashinda kwa kuona nani kalala.

Hii kitu nimeshaipeleka kazini. Kuna harusi ya Kisesa walileta bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe, jembe linarushwa juu na mchezaji analidaka bila kupoteza hatua. Nikaiacha shoti nzima, maana ukikata jembe likiwa hewani mtu haamini kama ni yeye yule aliyelidaka, na familia ile sehemu ndiyo waliyoirudia kuangalia.

Sizoni ya 3 epsodi ya 4 kuna mapigano ya gerezani, kama dakika 11 shoti moja, kazi kubwa mno naiheshimu, ila korido bado ipo juu kwangu kwa sababu ni fupi na kamera imetulia.

Sizoni ya kwanza naipa 9 kwa 10. Picha yake ni ya giza sana, kwenye simu ndani ya daladala mchana wa Buzuruga huoni kitu, na ukiwekewa kopi iliyobanwa weusi wote unageuka viboksi viboksi. Tafuta faili kubwa, angalia usiku, na vaa hedifoni.