Pytest kwa maktaba inayoendesha Git: uzoefu wangu Lubumbashi

Kwa wiki sita nimetumia pytest, zana ya kuendesha majaribio ya msimbo wa Python, kupanga upya na kujaribu maktaba yetu ya Python (msimbo ambao programu ya ofisi inautumia) inayoendesha amri za Git, ile programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Mwenye haraka aichukue tu: ni ya bure, na ukishaiweka haidai intaneti. Mwenye nafasi anisikilize kidogo.

Ofisini kwetu, hapa Kamalondo, tunatunza nyaraka za wateja. Makarani hawaijui Git wala hawana haja ya kuijua. Wanabonyeza "Hifadhi", maktaba inafanya mengine. Siku moja kijana wa mapokezi akaniita: "Yaya, hii mashini mpya inasema imeshindwa kuhifadhi, na mimi sijabadilisha kitu." Kumbe shida ilikuwa hapo hapo, kwamba hakubadilisha kitu. Maktaba ilikuwa ikitafuta maneno "nothing to commit" katika jibu la Git. Mashini mpya imewekwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa kwetu, na Git ikajibu "rien à valider". Maktaba haikuelewa, ikaona namba ya kutoka (ile ambayo amri inaiacha inapomaliza, 0 ikiwa ni salama) ni 1, ikatangaza hitilafu. Aliyeiandika kabla yangu hakuacha jaribio hata moja.

Nilipofungua msimbo nikakuta faili moja ndefu, kila fankisheni inaiita Git kivyake kwa kuunganisha maneno kuwa amri moja ya sheli, yaani dirisha la kuandikia amri. Jina la faili likiwa na nafasi, amri inavunjika. Nikaikata vipande vitatu. Chini kabisa kuna fankisheni moja tu inayoruhusiwa kuiita Git, kwa orodha ya hoja badala ya sentensi ya sheli, na LC_ALL=C ili majibu yasifuate lugha ya mashini. Katikati kuna wasomaji, yaani fankisheni zinazosoma majibu ya Git. Juu ni kile ambacho programu inakiona. Namba ya kutoka nayo kila amri inaitafsiri yenyewe, kwa sababu git diff --quiet ikirudisha 1 maana yake kuna tofauti, si kwamba imeshindwa.

Sasa pytest yenyewe. Nilichokipenda kuliko vyote ni tmp_path: kila jaribio linapewa folda yake tupu. Humo ninaanzisha ripozitori (hazina ya Git) ya kweli, ninaandika faili, ninakomiti, yaani ninahifadhi mabadiliko, ninaangalia. Kuna wanaopenda kutengeneza Git ya kuigiza ili majaribio yaende mbio. Mimi sikubali. Git ya kuigiza ingejibu Kiingereza kama alivyodhani mwandishi wa kwanza, na kosa letu lingepita bila kuonekana. Hata kusukuma mabadiliko kwenda seva na kuyavuta kutoka huko ninajaribu bila megabaiti hata moja: git init --bare katika folda ya pembeni, na hiyo ndiyo inakuwa seva.

Jaribio likianguka, folda haifutwi papo hapo. Pytest inatunza za mara tatu za mwisho. Hilo limeniokoa. Jaribio moja liligoma kwenye faili "Reçu_février.odt". Nikaingia katika folda yake, nikaandika git status --porcelain, amri ya kuorodhesha faili zilizobadilika, kwa mkono wangu, nikaona kwa macho:

"Re\303\247u_f\303\251vrier.odt"

Git ilikuwa imegeuza herufi za Kifaransa kuwa namba na kulifunga jina kwa alama za nukuu, na msomaji wetu alikuwa akitafuta faili lenye jina hilo la ajabu. Dawa ni kuongeza -z: majina yanakuja kama yalivyo, yakitenganishwa na baiti ya sifuri. Lakini angalieni, kwa -z faili lililobadilishwa jina linaanza na jina jipya, kisha la zamani, kinyume cha mpangilio wa kawaida. Hapo nilipoteza alasiri nzima. Leo jaribio hilo linarudiwa kwa parametrize, njia ya pytest ya kurudia jaribio moja kwa data tofauti, na majina manne: lenye nafasi, lenye é, lenye ç, na linaloanza na kistari.

Kasoro zipo. Mgeni akiona tmp_path imetajwa kama hoja ya fankisheni hajui imetoka wapi. Mwenzangu alihangaika mpaka nikamwonyesha pytest --fixtures, inayoorodhesha vitu kama hivyo na maelezo yake. Tena Git ya kweli ni nzito, kila jaribio linaiamsha mara kadhaa. Mwanzoni nilingoja zaidi ya dakika moja, na umeme ukiyumba dakika ni nyingi. Nikahamisha majaribio ya wasomaji yatumie baiti nilizoziandika mwenyewe, bila kuigusa Git, na kungoja kukapungua sana. Jambo jingine: usisahau GIT_CONFIG_GLOBAL=/dev/null (Git iwe 2.32 au mpya zaidi), la sivyo mipangilio yako binafsi inaingia katika majaribio. Kwangu yalipita, kwa mwenzangu yakaanguka kwa sababu mashini yake haikuwa na jina la mwandishi.

Mwenzetu wa Likasi hana intaneti ya kutegemea. Nilifanya pip download pytest (pip ni kisakinishi cha Python) huku mjini, nikaweka kwenye flashi pamoja na maktaba, nikampa dereva wa basi. Kwake akaweka kwa --no-index na --find-links, ili pip ichukue kwenye flashi badala ya intaneti, akaendesha majaribio yote, na jioni akanitumia ujumbe kwamba moja limeanguka, lile la jina linaloanza na kistari. Git yake ni ya zamani. Ndilo ninaloshughulikia wiki hii.