Kidonge cha Bravecto kwa kambwa kalikonyonyoka manyoya: imenisaidia, ila pimeni kwanza

Nina kambwa kangu chotara wa German Shepherd anaitwa Bosi, alipofika miezi minne akaanza kunyonyoka manyoya kuzunguka macho kama kavaa miwani, mara mdomoni, mara miguu ya mbele yote. Cha ajabu hajikuni sana. Jirani akaniambia mpake oili chafu ya gari, jamani hiyo kitu msifanye, mbwa anajilamba na ile ni sumu.

Nikaenda duka moja la dawa za mifugo (silitaji) jamaa akamwangalia tu kwa mbali akasema ni fangasi, akampiga sindano ya muwasho na kuniuzia sabuni. Baada ya wiki mbili Bosi kaharibika zaidi, vipele vya usaha hadi tumboni na ananuka. Kumbe ile sindano ilikuwa steroidi, inashusha kinga, na huu ugonjwa unasubiri hapohapo kinga ishuke.

Ndo nikampeleka kwa daktari wa mifugo kabisa. Huyu akaibinya ngozi akaikwangua na kiwembe mpaka vidamu vikachungulia, akapaka kwenye kioo akaweka kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Vidudu virefu vimefanana na msokoto wenye vijiguu kwa mbele, vinacheza! Vinaitwa demodeksi, vinakaa ndani ya vijitundu vya ngozi zinamoota nywele, mtoto anavipata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya. Mbwa karibu wote wanavyo, vinazidi kwa ambaye kinga yake haijakomaa au imeshuka. Na haviambukizi watu, tofauti na ule upele mwingine ambao mbwa anajikuna usiku kucha na wewe mwenyewe unawashwa. Akasema kingekuwa kidoa kimoja viwili angeniambia nisubiri, vingi vinapona vyenyewe, ila Bosi kaenea mwili mzima.

Sasa dawa. Bosi alipimwa kilo 12, nikapewa kidonge cha Bravecto cha mbwa wa kilo 10 mpaka 20, kimoja tu, kinafanya kazi wiki 12, na antibaiotiki kwa ajili ya usaha. Kinatakiwa kutolewa na chakula, wanasema mbwa wanakipenda, wa kwangu alikinusa akanitazama kama namdhulumu, nikakificha kwenye ugali na dagaa kikapita. Wiki ya tatu nikaanza kuona vinyweleo. Baada ya mwezi akakwanguliwa tena hakuna kidudu, mwezi uliofuata pia hakuna, ndo daktari akasema basi.

Natoa nyota nne. Moja nimeikata kwenye bei, imechangamka haswa, ila ukijumlisha sabuni na sindano za kubahatisha nilishatupa hela hiyohiyo. Na kama mbwa wako ana kifafa mwambie daktari kabla hujampa.

Bosi kabakiwa na kidoti kimoja kipara juu ya jicho la kushoto, na oili ya jirani bado iko kwenye kopo lake pale getini.