Nasomea saikolojia Uingereza nikiwa Magomeni, na leo nina hasira

Anayetaka kujua ada, muda wa kozi na masharti ya kujiunga aingie tovuti ya chuo chochote cha kule. Vyote vimeandikwa, tena kwa picha za vijana wanaocheka chini ya miti. Mimi nataka kuzungumzia adhana.

Ila kwanza mjue nilikotoka, msije mkasema huyu dada kaamka tu kuwatukana watu. Nilikuwa afisa mikopo. Kazi yangu ilikuwa kugonga milango ya kina mama walioshindwa rejesho. Mikopo yenyewe mnaijua, mtaani inaitwa kausha damu, na sisi maafisa tulikuwa tunajifanya jina hilo hatujawahi kulisikia. Kuna mama mmoja muuza vitumbua, Mburahati, alinifungulia mlango, akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa, halafu akakaa anaangalia ukuta. Niliuliza, nikarudia, hakujibu. Hakuwa na jeuri hata kidogo. Alikuwa hayupo pale, basi. Nikajaza fomu: "mteja hatoi ushirikiano". Fomu ile haikuwa na sehemu ya kuandika nilichokiona, na hata ingekuwepo nisingejua niandike nini.

Ndiyo nikaanza kutafuta. Shahada yangu ni ya biashara, na sikuwa tayari kurudi darasani kuanza moja na watoto waliotoka kidato cha sita juzi. Uingereza wana shahada ya uzamili ya watu kama sisi, waliosomea mambo mengine na sasa wanataka kuhamia saikolojia. Ukichagua ile iliyoidhinishwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia wa kule, unahesabiwa kama mtu aliyepata msingi kamili. Unasoma kwa mtandao, mtoto anaenda shule, mume anakula. Mjomba wangu aliposikia akauliza kama nahamia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Tukacheka, nikalipa.

Na nikiri, miezi ya mwanzo nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilidhani nitasomeshwa habari za wanafunzi wa Marekani mwanzo mwisho (na kwa kweli ni wengi mno humo), mara nikakutana na Mary Ainsworth. Huyu mama alifika Kampala mwaka 1954 kwa sababu mumewe alipata kazi huko. Hakukaa kusubiri kufunguliwa mlango wa gari. Alienda vijiji vya jirani na mji na mkalimani wake, akawa anatembelea familia 26 za Waganda zenye watoto wachanga. Anakaa sebuleni kwao mchana, anatazama. Nani analia mama akitoka. Nani anatambaa kumfuata. Nani hana habari. Baadaye, akiwa Baltimore, ndipo akatengeneza lile jaribio lake maarufu la mama kumwacha mtoto chumbani kwa dakika chache kisha kurudi. Lakini kutazama alijifunzia Uganda! Nilimwamsha mume wangu, Baba Rehema, saa sita usiku nimsomee. Akasema "hongera yake" akageukia ukutani.

Shikeni hilo: alienda, akakaa, akatazama, akauliza wenyewe. Chuo ndicho kilichonifundisha kwamba hivyo ndivyo kazi hii inavyofanywa.

Sasa mtihani. Ilikuwa mwezi wa tano hivi, kama sikosei. Mtihani wa saikolojia ya utambuzi, unafanywa kwa kamera, msimamizi yuko sijui nchi gani anakutazama wewe na chumba chako. Unazungusha laptopu aone kuta, uvungu wa meza, dari, na masikio kama hujaficha kitu. Mimi navaa ushungi. Nikasema masikio simwonyeshi mwanamume. Na hapa niwape haki yao, hawakubishana: akaletwa msimamizi wa kike, nikafunua, akaona, akashukuru, tukaendelea. Nikajisemea watu hawa wamestaarabika.

Nilikuwa nimejiandaa na kila kitu. Umeme ukikatika, nimeazima betri na inverta kwa jirani. Bando likigoma, nina laini ya pili. Rehema kapelekwa kwa bibi yake. Mtihani ulianza saa tisa mchana saa za kwetu, kalamu yangu ikawa moto, yaani vidole, maana unachapa. Ilipopita nusu saa na ushee, msikiti wa nyuma yetu ukaadhini alasiri.

Pembeni mwa skrini kikafunguka kisanduku cha maandishi: "Kuna mtu anazungumza chumbani kwako. Mwambie aache."

Nikachapa, ni msikiti, unaita watu kuswali, dakika chache tu utakwisha. Jibu: "Mwambie aache au atoke." Nikacheka peke yangu, nikidhani ni mashine. Mara msikiti wa pili ukaanza. Wakazi wa Magomeni mnajua, haianzi yote pamoja, kila mmoja na saa yake, mmoja ukifika katikati mwingine ndiyo unafungua. Kisanduku: "Sasa wako zaidi ya mmoja." Na mimi, kwa mazoea ya tangu utotoni, ninaposikia adhana naiitikia. Kimyakimya, midomo inacheza kidogo tu. Sikufikiri hata. Kisanduku kikaandika kwamba nimeonekana nikijibizana na mtu, na skrini ikawa nyeupe. Mtihani umesitishwa.

Nilikaa naangalia ile skrini mpaka msikiti wa mwisho ukamaliza.

Siku kadhaa baadaye ikaja barua pepe: natuhumiwa kusaidiwa na mtu wa tatu. Nitaitwa kwenye jopo. Nikapiga simu kitengo cha kuhudumia wanafunzi, kijana mmoja mpole akaniambia nisiwe na wasiwasi, ni utaratibu tu. Mwaka mzima wa ada uko juu ya kaa la moto, yeye utaratibu tu.

Kikao kikafika. Watu watatu kwenye video. Mwenyekiti, kwa wasifu wake wa chuoni, ni mwanasaikolojia, tena wa miaka mingi. Swali lake la kwanza kabisa: "Yule mwanamume aliyekuwa anakusemesha ni nani?"

Jamani. Kwenye mtihani uleule, kabla haujakatwa, nilikuwa nimejibu swali la Elizabeth Loftus na John Palmer. Mwaka 1974 waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya gari, wakawauliza mwendo wa magari: 50 wakiulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, 50 kwa neno la kubamizana, na 50 waliobaki hawakuulizwa mwendo. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Katika wale 50 wa neno kali, 16 walisema waliviona. Wa neno la kawaida, 7. Maana yake, anayeuliza anaweza kupanda kitu kwenye kichwa cha anayejibu kwa namna tu ya kuuliza. Hilo somo ni lao! Wamenitoza pauni kunifundisha! Halafu mtu mzima, msomi, ananiuliza "yule mwanamume ni nani" kabla hajajua kama kulikuwa na mwanamume.

Nikajibu ni muadhini. Akauliza jina lake. Nikasema jina kamili silijui, mtaani tunamwita Maalim. Nikamwona anaandika. Akauliza kama maalim huyo ana taaluma yoyote inayohusiana na kozi yangu.

Mwenzake akadakia, kwa upole wote wa Kiingereza: je, nimewahi kumwomba jirani yangu apunguze sauti vipindi vya mitihani? Nikanyamaza kidogo. Nilikuwa nafikiria nikimfuata Maalim, "shikamoo Maalim, samahani, wiki ijayo alasiri usiadhini, kuna mzungu ananisikiliza". Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeniuliza swali la kawaida tu ambalo Ainsworth angeliuliza: hebu tueleze, hapo unapokaa mchana huwa pakoje?

Aliyeniokoa ni mwalimu wangu wa takwimu. Huyu bibi (namwita bibi kwa heshima, sijui umri wake) ndiye aliyenivusha kwenye SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu, mimi niliyekuwa nadhani takwimu ni kujumlisha marejesho. Kipindi kilipokatika kwa sababu ya mtandao wangu, alikuwa ananirekodia maelezo upya peke yangu. Aliposikia habari ya jopo hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Alitafuta ratiba ya swala ya Dar es Salaam ya siku ile, akaweka alama kwenye muda wa alasiri, akaulinganisha na dakika ambayo msimamizi aliandika kusikia "mtu", akaambatanisha na rekodi ya adhana, akawatumia. Ukurasa mmoja. Hakuweka maneno ya huruma hata moja, ni saa na dakika tu. Kesi ikafa hapo.

Kufa kwenyewe sasa. Barua ikasema sina hatia, lakini majibu yangu hayawezi kusahihishwa kwa kuwa mtihani haukukamilika, hivyo nirudie awamu inayofuata. Na mwishoni: nashauriwa kutafuta mazingira tulivu zaidi. Samahani? Haimo. Nimeisoma ile barua mara nyingi kuitafuta.

Mazingira tulivu Dar es Salaam. Nilikwenda kwa binamu yangu Goba, shambani kabisa. Jogoo wake alifanya mtihani na mimi mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyeandika kwenye kisanduku, wala aliyeuliza jina lake.

Nilipoanza kuandika haya nilitaka kukipa chuo alama sifuri. Sasa nikifikiria yule bibi, mkono unasita. Nikimfikiria na yule mama wa vitumbua, unasita zaidi, maana leo ninajua kwamba mtu anaweza kukaa mbele yako akiwa amezimika kwa kuelemewa, na ninajua cha kufanya, ambacho mara nyingi ni kukaa naye na kufunga mdomo. Ukopeshaji nimeacha. Siku mbili kwa wiki najitolea na mnasihi mmoja mzoefu kwenye kikundi cha kina mama, naandaa viti, nasikiliza. Hayo yametoka kwenye kozi. Kwa hiyo ningesema jiungeni.

Ngoja, kabla hamjajiunga. Lile tangazo la "anza safari yako ya kuwa mwanasaikolojia" lina mahali halisemi. Shahada hii ni mlango wa kuingilia tu, haikupi ruhusa ya kutibu mtu. Kule kwao majina kama mwanasaikolojia wa kliniki yanalindwa kisheria, yanasimamiwa na Health and Care Professions Council tangu 2009, na kuyapata ni mafunzo mengine ya miaka chini ya usimamizi, ana kwa ana. Na huku kwetu cheti cha nje hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kitambuliwe. Waandikieni TCU kabla hamjatuma hata pauni moja, mtaje kozi kwa jina na kwamba ni ya masafa, mpate jibu la maandishi. Mimi nilipowauliza chuo kuhusu nchi yangu, nilitumiwa kiungo cha ukurasa uleule wa picha za vijana chini ya miti.

Halafu juzi nimeingia kwenye ukurasa wa somo la takwimu, jina la yule bibi halipo. Kumbe alikuwa wa mkataba wa saa, na mkataba haukuongezwa. Mwenyekiti wa jopo yupo, picha mpya. Basi, sifuri. Nimerudi kwenye sifuri.

Malalamiko nimeyafikisha ngazi ya mwisho ya ndani ya chuo. Kwa ambaye yatamkuta: vyuo vya England na Wales vina msuluhishi wa nje, Office of the Independent Adjudicator, mwanafunzi halipi kitu, lakini lazima kwanza chuo kikupe barua ya kuthibitisha kwamba shauri limemalizika kwao, na ukishaipata una miezi 12 ya kupeleka. Barua hiyo ndiyo ninayoidai sasa. Kila nikiandika najibiwa na kijana mpole.

Ada ya muhula ujao? Nimeshalipa. Upatu umenifikia wiki iliyopita.